Nyuma ya Gari: Safari ya Pittsburgh

Watu wa kwetu Mombasa waendao Marekani aghalabu huenda kwa elimu, au kwa biashara, au kuwazuru jamaa waliowatangulia, na kila mmoja wao akiulizwa safari yake ni ya nini huwa na jibu la kumridhisha muulizaji; ama mimi, nilipowaambia majirani wa Kibokoni kwamba naenda Pittsburgh kuutazama mtaa ambao zamani ulikuwa na magari yake ya kubebea wagonjwa, na kwamba magari yenyewe hayapo tena tangu mwaka 1975, walinitazama kwa huruma, na mmoja wao akaniuliza kwa adabu kama wagonjwa wa hapa hawakunitosha hata nivuke bahari kuwatafuta wa ng'ambo.

Kazi yangu, kwa asiyeijua, ni uhudumu wa dharura katika ambulansi. Dereva hukaa mbele na usukani wake na king'ora chake, nami hukaa nyuma pamoja na mgonjwa, nimezungukwa na mtungi wa oksijeni, mashine ya kunyonya damu na matapishi kooni, mfuko wa kupulizia pumzi, kola za shingo, dripu, bandeji, na ile machela ambayo kwayo watu hutujua kuliko kwa kitu kingine chochote. Na kwa kuwa machela ndiyo ionekanayo barabarani, ilhali mengine yote hufanyika milango ikiwa imefungwa, dhana iliyoenea mjini ni kwamba sisi ni wapagazi tu waliovishwa sare, ambao wajibu wao ni kumtoa mtu alipoanguka na kumfikisha kwa tabibu, na kwamba utabibu wenyewe huanza mlangoni pa hospitali. Dhana hiyo si ya Mombasa peke yake. Dunia nzima ilikuwa nayo mpaka juzi juzi, na mojawapo ya mahali pa mwanzo kabisa ilipovunjwa kwa vitendo ni katika mtaa wa Hill mjini Pittsburgh, tena kwa mikono ya vijana weusi ambao wengi wao hawakuwa na kazi, na baadhi yao hawakuwa na cheti cha shule. Ni kweli kwamba huko Belfast daktari Frank Pantridge alikwisha kuitia mashine ya kushtua moyo ndani ya gari tangu mwaka 1966, lakini aliyepanda gari lile kwenda kwa mgonjwa alikuwa daktari. Hawa wa Pittsburgh walikuwa watu wa kawaida waliofundishwa, kama nilivyofundishwa mimi, na kwa hiyo niliwahesabu kuwa ni masheikh zangu kabla sijaiona hata picha yao moja.

Nilishuka New York, na kwa kuwa nauli ya ndege ya pili ilikuwa nzito kwa mfuko wangu, nilipanda garimoshi liitwalo Pennsylvanian, ambalo hupita Philadelphia na Harrisburg kisha likaikwea milima ya Allegheny hata kufika Pittsburgh, safari ya saa tisa hivi. Ulikuwa mwezi wa Oktoba, na misitu ya milimani ilikuwa imegeuka rangi, hapa nyekundu ya damu, pale manjano ya binzari, nami niliyezaliwa katika nchi ambayo mwembe wake ni wa kijani mwaka mzima nilikaa dirishani kimya nisitamani hata kula. Karibu na Altoona reli hujipinda kwa namna ambayo abiria wa behewa la nyuma huiona injini ikiwa ubavuni mwake kana kwamba yatoka upande mwingine. Kona hiyo ilichongwa mlimani tangu mwaka 1854, na abiria wote husimama kuitazama. Mimi nilisimama pia, lakini nikajikuta natazama zaidi ule ujia mwembamba baina ya viti, na kupima kwa macho jinsi ambavyo mtu mnene akianguka pale angetolewa, kichwa kikitangulia au miguu. Haya ni maradhi ya kazi yetu, wala hayana dawa.

Stesheni nilipokewa na mwana wa ndugu yangu, ambaye yuko mji ule miaka kadhaa, akiajiriwa hospitalini kusukuma vitanda vya wagonjwa kutoka wodi hata chumba cha picha na kuvirudisha. Alinibusu mkono, kisha akanitazama kuanzia kofia mpaka viatu. “Ami,” akasema, “hilo koti ni la kupigia picha, si la baridi ya huku.” Kesho yake alininunulia jingine, naye hakutaka kusikia habari ya kurudishiwa fedha.

Pittsburgh ni mji wa mito na miinuko. Mto Allegheny watoka kaskazini, Monongahela watoka kusini, na pale inapokutana huzaliwa mto Ohio. Na kwa sababu mji umekatwakatwa hivyo na maji na makorongo, wenyeji wamejenga madaraja yapitayo 400, na mahali ambapo hata daraja halifai wameweka vigari vya reli vinavyovutwa kwa kamba za chuma kupandisha watu mlimani, kimoja tangu 1870 na kingine tangu 1877, na vyote viwili vingali vikifanya kazi. Mtu wa Mombasa hawezi kuyatazama madaraja hayo kwa moyo mtulivu. Mgonjwa wetu wa Likoni au wa Ukunda, akihitaji kuletwa kisiwani, kwa kawaida hupitia kivukoni, na ijapokuwa ambulansi hupewa nafasi ya kwanza kuingia, heshima hiyo haina faida ikiwa feri iko ng'ambo ya pili ikipakia. Basi huketi nyuma ya gari, umemshika mtu mapigo ya damu, nawe unauona mji na taa zake mbele yako, karibu kabisa, na huwezi kuufikia. Nilimwambia mpwa wangu yule, kwani ndivyo nimwitavyo kwa mapenzi ingawa kwa nasaba si mpwa, kwamba ningepewa moja tu katika madaraja yale 400 ningeondoka nalo usiku uleule.

Mtaa wa Hill umeinuka juu ya katikati ya mji, na zamani ulikuwa makao ya watu weusi waliohama majimbo ya kusini kuja kufanya kazi katika viwanda vya chuma. Hapo alizaliwa August Wilson, mtunzi wa michezo ya kuigiza, mwaka 1945, katika nyumba ya barabara ya Bedford ambayo mpaka leo wageni huoneshwa. Katika miaka ya 1950 wakubwa wa mji waliamua kwamba upande wa chini wa mtaa huo ni mbovu na haufai kukarabatiwa, wakaubomoa wote, na watu wapatao 8,000 wakahamishwa, ili pajengwe uwanja mkubwa wenye paa la chuma lililoweza kufunguka, uliozinduliwa mwaka 1961. Nilikwenda kuutazama uwanja huo nikakuta nao umebomolewa, kazi iliyomalizika mwaka 2012. Kwenye kona ya barabara za Centre na Crawford, ambako watu wa Hill walisimama na kusema ubomoaji usipite hapa, pana kanisa la Mtakatifu Benedict, yule mtawa mweusi wa Sicily, na sanamu yake imesimama juu kabisa ikiwa imenyosha mikono kuuelekea mji. Na hapo ndipo ubomoaji ulipokoma.

Sasa niseme jinsi mgonjwa wa mtaa ule alivyokuwa akichukuliwa kabla ya hayo niliyoyafuata. Katika nchi nzima ya Marekani, kwa mujibu wa ripoti mashuhuri iliyotolewa mwaka 1966 na Chuo cha Taifa cha Sayansi, karibu nusu ya huduma za ambulansi zilikuwa mikononi mwa wenye biashara ya maziko, kwa sababu wao ndio waliokuwa na magari marefu ambamo mtu aweza kulala. Nami kila nikilifikiri jambo hilo hujiuliza dereva wa gari la namna hiyo alikuwa akienda kasi kwa niaba ya nani. Pittsburgh kazi hiyo ilikuwa ya polisi. Ukipiga simu kwamba baba amekatika pumzi, lilikuja gari lilelile la kukamatia walevi na wezi, askari wawili wakamtia mgonjwa ndani, wakafunga mlango, wakakaa wote wawili mbele. Nyuma hakukaa mtu. Mgonjwa akitapika alitapika peke yake, na ulimi ukimrudi kooni ulirudi hivyo hivyo, mpaka mlango utakapofunguliwa hospitalini na ijulikane kama aliyeletwa ni mgonjwa au maiti. Na watu wa Hill, ambao kwao gari la polisi halikuwa na habari njema hata siku moja, wengine walipendelea kumwacha mtu wao kitandani na kumwombea.

Kuhusu kilichowaamsha wakubwa wa mji, kuna kisa ambacho mwenye kupenda ibra atakipenda. David Lawrence alikuwa meya wa Pittsburgh tangu 1946 hata 1959, kisha akawa gavana wa jimbo la Pennsylvania, na katika zama za umeya wake ndipo ule upande wa chini wa Hill ulipohukumiwa kubomolewa. Mwezi wa Novemba 1966, akihutubia mkutano wa siasa katika ukumbi ulioitwa Syria Mosque, moyo wake ulisimama. Ukumbi huo, na hapa niombe radhi kwa kutoka njiani kidogo, haukuwa msikiti kamwe: ulijengwa na chama cha wazungu fulani waliopenda nakshi za Kiarabu na kofia nyekundu za tarbushi, wakaliita jengo lao msikiti kwa kuwa jina liliwapendeza, na ndani yake wakapiga muziki, hata jengo likavunjwa mwaka 1991, na kwa miaka mingi baadaye palikuwa mahali pa kuegesha magari. Lawrence alichukuliwa na gari la polisi kama alivyochukuliwa kila mtu. Moyo wake walifanikiwa kuurejesha, lakini ubongo ulikuwa umekaa mno bila hewa, naye hakurejewa na fahamu mpaka alipokufa mwezi huohuo. Aliyekuwa gavana alisafirishwa kama mlevi wa Hill, na hatima yake ikawa kama ya mlevi wa Hill.

Katika madaktari wa mji alikuwako mmoja ambaye hakuhitaji kuelezwa dakika zile zilikuwa na maana gani. Peter Safar alizaliwa Vienna mwaka 1924, akasomea utabibu wa nusukaputi, akahamia Marekani, na alipokuwa Baltimore, mwishoni mwa miaka ya 1950, alithibitisha jambo ambalo leo kila mtoto wa skauti anafundishwa: kwamba pumzi ya mtu, ikipulizwa kinywani mwa mwenziwe asiyepumua, yatosha kumweka hai. Alilithibitisha kwa watu wa kujitolea, waliolazwa na kupewa dawa iliyoinyamazisha misuli yao yote wasiweze kuvuta hata pumzi moja kwa nguvu zao, kisha akawaita watu wasio madaktari wawapulizie. Na akaonesha kwamba kabla ya kupuliza lazima kichwa kiinuliwe nyuma na taya livutwe mbele, kwa maana kinachowaua wengi waliozimia ni ulimi wao wenyewe uliolegea na kuiziba njia. Wenziwe wa Johns Hopkins walipopata njia ya kuusukuma moyo kwa kukikandamiza kifua, mwaka 1960, yeye aliziunganisha elimu mbili hizo zikawa moja, na Mnorwe aitwaye Åsmund Lærdal, mtengenezaji wa wanasesere, akatengeneza mwanasesere wa ukubwa wa mtu ili wanafunzi wajifunzie, ambaye uso wake nimeupulizia mimi chuoni mpaka nikauota usiku. Safar aliyewafundisha walimwengu kuhuisha alifiwa na binti yake mdogo mwaka huohuo wa 1966, kwa ugonjwa wa pumu, baba akiwa safarini. Waliomfahamu wamesema kwamba tangu hapo hakuwa na subira na mtu yeyote aliyemwambia ambulansi ni suala la usafiri.

Wakakutana watu watatu wa mbali mbali. Wa kwanza ni Safar. Wa pili ni Phil Hallen, mkuu wa mfuko wa hisani uitwao Maurice Falk, ambaye alipokuwa kijana alipata kuendesha ambulansi na kwa hiyo aliyajua mambo ya nyuma ya gari. Wa tatu ni James McCoy, aliyeongoza shirika la watu weusi la Hill lililoitwa Freedom House, ambalo miongoni mwa shughuli zake lilikuwa likiwapelekea watu mboga kwa gari mitaani. Hallen alitaka gari la mboga na gari la wagonjwa yawe ndugu, na vijana wa mtaa wapate kazi. Safar alikubali, lakini akaongeza sharti ambalo liligeuza kila kitu, kwamba vijana hao hawatafundishwa udereva na kufunga bandeji tu, bali watafundishwa utabibu wa dharura wenyewe, wa viungo vya mwili na maradhi yake, katika vyumba vya upasuaji na vya wagonjwa mahututi, kwa saa zipatazo 300. Mwaka 1967 waliingia darasani watu 25 wa kwanza. Baadhi yao hawakumaliza shule, baadhi walitoka vitani Vietnam, na wote walisemwa na wenye kusema kuwa hawatadumu.

Mwaka 1968 magari yao yalikuwa barabarani, katika Hill na Oakland na katikati ya mji. Mwaka wao wa kwanza waliitwa karibu mara 6,000, na kwa hesabu za Safar mwenyewe watu 200 ambao wangekufa hawakufa. Wakawa miongoni mwa wa kwanza duniani, wasio madaktari, kumtia mtu mpira wa hewa kooni akiwa sakafuni kwake au barabarani. Tena gari lao halikuwa gari la maziko lililopakwa rangi nyingine. Safar alilipima na kulipanga hata mhudumu aweze kukaa kichwani pa mgonjwa, mahali ambapo taya hushikwa.

Hapo kichwani ndipo penye kazi yetu, na msomaji aniruhusu nikae hapo kidogo, kwa sababu mambo haya hayaonekani kwa nje. Ubongo usipopata hewa huanza kufa baada ya dakika nne hadi sita, na hakuna king'ora kinachoweza kurefusha muda huo. Katika Mji wa Kale wa Mombasa gari haliingii vichochoroni. Twaliacha karibu na Ngome ya Yesu au kwenye barabara ya Ndia Kuu, tukashika mifuko yetu, tukakimbia kwa miguu, tukapanda ngazi za mawe zilizo nyembamba na wima kama za mnara, na juu twakuta chumba kimejaa watu, kila mmoja ni amiri: huyu ataka mgonjwa anyunyiziwe maji, yule ataka aketishwe, wanaume wanyang'anyana machela, na bibi wa nyumba amesimama mlangoni akisoma. Katika chumba cha namna hiyo niliitwa usiku mmoja kwa mzee wa makamo aliyezimia, mwenye kukoroma kwa sauti ambayo jamaa zake waliisifu kwamba angalau analala, kumbe ile ni sauti ya ulimi ulioziba njia na ya pumzi inayopigania uwazi wa unywele. Nilipiga magoti kichwani pake, nikaweka vidole nyuma ya pembe za taya nikalivuta mbele, koo likafunguka, na rangi ya midomo ikaanza kurudi kutoka buluu. Basi ndiyo yote. Taya lile sikuliachia ngazini, wala kichochoroni, wala garini, nikienda kinyumenyume sehemu kubwa ya njia huku wenzangu wakibeba. Tulipofika Hospitali Kuu ya Pwani, ndugu wa mgonjwa walimkumbatia dereva, wakamwombea dua kwa mwendo wake wa kasi.

Mwaka 1975 ulipokaribia, aliyekuwa akiwaongoza watu wa Freedom House kwa utabibu ni daktari kijana, Nancy Caroline, mwanafunzi wa Safar, aliyekuwa akipanda magari pamoja nao na kulala na redio ubavuni. Serikali ya Marekani, ilipohitaji mtaala wa kufundishia wahudumu wa nchi nzima, ilimtaka yeye autunge na watu wake waujaribu. Na huo ndio uliokuja kuwa kitabu cha *Emergency Care in the Streets*, kilichotoka mwaka 1979 na ambacho mpaka leo kinachapishwa kwa matoleo mapya. Lakini katika mji wenyewe mambo yalikwenda kinyume. Mitaa ya wazungu, ambayo wagonjwa wake walikuwa bado wakichukuliwa na gari la polisi, ilianza kuuliza kwa nini Hill wana huduma bora kuliko wao; na meya Peter Flaherty, badala ya kuipanua Freedom House ienee mji mzima, aliunda huduma mpya ya serikali ya mji, na tarehe 15 Oktoba 1975 Freedom House ikafungwa. Wahudumu wake waliahidiwa nafasi katika huduma mpya. Walipoingia walikutana na mitihani juu ya mitihani, na wengine waliokuwa wakitia mipira kooni walipewa kazi ya kubeba mifuko ya wageni waliojifunza jana. Wakatoka mmoja mmoja. Wachache walistahamili. John Moon ni mmoja wao, naye alipanda hata akawa naibu mkuu wa huduma hiyohiyo. Sioni haja ya kulitafutia jambo hili jina la upole: mji ulichukua elimu ukawatupa walimu.

Nancy Caroline naye hakukaa. Alikwenda Israeli, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 akaja kwetu Nairobi, akafanya kazi na AMREF, lile shirika la madaktari warukao lililoanzishwa mwaka 1957 na wapasuaji watatu, Michael Wood, Archibald McIndoe na Thomas Rees, ambalo ndege zake huruka kutoka uwanja wa Wilson. Alifariki mwaka 2002. Hivyo elimu iliyoanzia barabara ya Centre ilikwisha kupita angani juu ya vichwa vyetu kabla sisi hatujajua kwamba ipo, na mimi niliyedhani nimekuja kuitafuta ng'ambo nilikuwa nimepishana nayo.

Mpwa wangu, kwa kuwa wasukuma vitanda hujua kila mtu, alikuwa amenipatia miadi na mzee mmoja aliyefanya kazi katika magari yale ujanani. Tulimkuta barazani kwake, amejifunika blanketi miguuni. Nilimpa halua niliyoichukua Mombasa, akaionja kwa hadhari ya mtu aliyeambiwa ni dawa, kisha akakata kipande cha pili bila kuombwa. Nilikuwa nimejiandaa kusikiliza malalamiko, na adabu ya kuyasikiliza nilikuwa nayo. Lakini yale ya 1975 aliyapitia kwa maneno machache, akasema kuna wazungu waliowakataza wahudumu weusi wasiwaguse kwa mikono yao, mpaka pumzi ilipowaishia ndipo wakakubali, na baada ya hapo akaniuliza swali la fundi kwa fundi. “Nyinyi kwenu, mkifika, mwakaa au mwaondoka?”

Wenye kazi yetu wamegawanyika katika jambo hilo tangu zamani kama wanavyuoni wa madhehebu. Kuna wasemao mgonjwa atengenezwe palepale alipo, koo, pumzi, damu na moyo, na gari lisitie gia mpaka awe imara. Na kuna wasemao kila dakika inayotumiwa palepale alipoanguka imeibwa kwa mpasuaji. Yule mzee alikuwa wa kwanza, tena kwa itikadi, na hakika yake ilitoka katika miaka ile ya polisi waliotupa watu garini na kukimbia. Kwake yeye kukimbia ndiyo ile dhuluma yenyewe. Nikamwambia kwamba katika koo na moyo niko naye, wala simwondoi mtu asiyepumua kabla hajapumua. Lakini mwanamke mwenye mimba iliyopasuka nje ya kizazi, au mtu wa pikipiki ambaye wengu wake umepasuka na damu inajaa tumboni, huyo dripu yangu haimponyi, na maji yoyote ninayomtilia huzidi kuifanya damu yake nyepesi. Dawa yake ni kisu, na kisu kiko hospitalini. Huyo mimi humbeba na kwenda, na nikifanya lolote nalifanya magurudumu yakizunguka.

“Na hicho kivuko chako,” akauliza, “nacho kina magurudumu?” Mpwa wangu akaangua kicheko, na mimi sikucheka. Nikamweleza zamu za feri, na foleni, na jinsi mwendesha feri mwema anavyoweza kurudi nusu njia akiona taa za ambulansi. Akaniambia kwamba yote hayo ni kukaa, ila nimekaa juu ya maji badala ya kukaa juu ya nchi kavu, na kwa hiyo mimi ni mfuasi wa madhehebu yake bila kujijua. Tulibishana hivyo mpaka jua likatua nyuma ya nyumba na mkewe akatoka kumhimiza aingie ndani. Sikumkinaisha wala hakunikinaisha. Alichotaka kabla sijaondoka ni ahadi kwamba nitampelekea kwa barua muda halisi wa kuvuka Likoni, wa asubuhi, wa jioni watu wakitoka kazini, na wa usiku wa manane.

Niliporejea nilisimama kivukoni na saa mkononi, nikampelekea. Jibu lake lilikuja upesi kuliko nilivyotazamia. Hesabu zangu alizikubali zote isipokuwa ile ya jioni, ambayo alisema nimeipendelea feri. Kisha akaandika kwamba, kwa muda huo, mgonjwa wa tumbo hana wa kumwokoa katika madhehebu yake wala katika yangu, na kwamba badala ya kumwuliza mhudumu wa gari kama anakaa au anaondoka, waulizwe wenye mamlaka kwa nini mpasuaji wa usiku hulala kisiwani na mgonjwa hulala ng'ambo. Nimelipeleka swali hilo kwa maandishi kwa wanaohusika, na nimewaambia limetoka Pittsburgh.